Choo cha Kisasa Kinachotumia Maji Machache: Dalili za Hitilafu, Sababu Zake na Namna ya Kuzitatua

Malalamiko juu ya vyoo vinavyobana matumizi ya maji yanafanana sana: kinavutwa mara mbili ndipo kisafike, kinaacha alama, kinaziba ovyo, maji yanachuruzika usiku kucha. Baadhi ya malalamiko hayo yanatokana na choo kibovu kweli. Mengi zaidi yanatokana na choo kizima kinachotumiwa au kurekebishwa kana kwamba ni cha zamani, kwa hiyo ni vyema kujua kilichobadilika kabla ya kushika spana.

Kilichobadilika

Choo cha zamani kilishinda kwa wingi wa maji. Nchini Marekani vyoo vingi vya majumbani vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1990 vilimwaga lita 13 kwa kila mvuto, na vilivyotangulia hivyo vilifika lita 19 na kuzidi. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 1992 iliweka kikomo cha lita 6 kwa vyoo vipya vya majumbani kuanzia 1994. Uingereza nayo ikashuka hadi lita 6 mwaka 2001. Na leo alama ya WaterSense, inayotambulisha vifaa vinavyobana maji huko Marekani, hupewa choo kisichozidi lita 4.8. Australia ilishika njia yake mapema katika miaka ya 1980, pale Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma alipobuni tangi lenye vitufe viwili, kimoja cha mvuto kamili na kingine cha mvuto mdogo.

Vyoo vya kwanza vya lita 6 vilistahili lawama, kwa sababu baadhi ya watengenezaji walipunguza maji bila kuligusa bakuli. Sifa hiyo mbaya bado inavifuata vyoo vya leo, ingawa tangu 2003 kumekuwepo upimaji huru unaotumia uji mzito wa soya kuona kila choo kinaondoa gramu ngapi kwa mvuto mmoja, na WaterSense haikipokei choo kisichoweza kuondoa gramu 350.

Choo kizuri cha sasa hufanya kazi kwa kasi. Tundu la chini ya tangi, ambalo zamani lilikuwa na upana wa sentimita 5 hivi, mara nyingi sasa lina sentimita 7.5 au zaidi, hivyo maji hushuka yote pamoja kwa sekunde chache. Shingo ya choo, yaani njia iliyojipinda nyuma ya bakuli, hulainishwa ndani kwa mng'aro uleule wa kauri ulio kwenye bakuli, na kuta za bakuli zimesimama zaidi. Aidha, katika matangi mengi kizibo, yaani kifuniko cha tundu hilo la chini ya tangi, hufunga kabla maji hayajaisha. Watu huyaona yale maji yaliyobaki wakadhani kizibo kina kasoro, kumbe yamewekwa kwa makusudi: kazi yake ni kuyainua maji ya juu yake ili yashuke kwa msukumo mkubwa. Choo cha zamani kilivumilia tangi lenye upungufu, mnyororo wa kizibo uliolegea na vishimo vya maji vya chini ya ukingo wa bakuli vilivyoziba nusu, kwa kuwa kilikuwa na maji ya akiba. Hiki cha sasa hakina akiba hiyo, na hapo ndipo hitilafu nyingi zinapoanzia.

Jambo la mwisho la kujua ni aina ya choo ulicho nacho. Choo cha kufyonza, kilichozoeleka Marekani, kina maji mengi yaliyotuama bakulini na shingo nyembamba ya sentimita 5 hivi. Maji yanapoijaza shingo hiyo, uchafu hunyonywa kwa mkupuo hadi hewa inapoingia na kukata mnyonyo kwa sauti ya kukoroma. Choo cha kusukuma, kilichozoeleka Ulaya na sehemu nyingi nyingine, kina maji machache bakulini na shingo pana zaidi, nacho hutegemea msukumo wa maji peke yake. Ukisikia mkoromo mmoja mwishoni mwa mvuto wa choo cha kufyonza, hiyo ni dalili ya uzima.

Jaribio la ndoo

Jaribio hili huokoa muda katika karibu kila dalili inayofuata. Ikiwa maji ya bakuli yako katika kina chake cha kawaida, chukua ndoo yenye lita 6 za maji baridi uyamwage bakulini kwa mkupuo mmoja, ukielekeza katikati. Bakuli likisafika vizuri, basi shingo na mabomba ni mazima na hitilafu iko kwenye tangi au kwenye vishimo vinavyopitisha maji. Maji yakipanda na kushuka polepole, usihangaike na tangi. Tatizo liko chini. Jaribio hili lisifanywe kamwe wakati bakuli limekwisha kujaa.

Dalili: mvuto mmoja hautoshi

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Sababu zake ni nyingi, na inafaa zifuatwe kwa mpangilio huu kwa kuwa zile za mwanzo hazihitaji hata kulowesha mikono.

Anza na kitufe. Kwenye tangi la vitufe viwili, kile kidogo hutoa lita 3 hivi na kimekusudiwa mkojo. Anayekibonyeza baada ya haja kubwa analazimika kubonyeza tena, na lita alizodhani ameokoa zinapotea. Baadhi ya vyoo vyenye mkono mmoja huachilia mvuto mdogo mkono unapoguswa na kuachiwa, na mvuto kamili unaposhikiliwa chini. Ikiwa kitufe kikubwa nacho kinatoa maji machache, fungua mfuniko uangalie vijiti vinavyosukumwa na vitufe: mara nyingi vimefungwa vifupi mno, au fundi amevibadilishana, kikubwa kikawa kinafanya kazi ya kidogo.

Kisha tazama kina cha maji kwenye tangi baada ya kujaa. Ndani ya ukuta wa tangi au kwenye bomba la kufurikia, lile lililosimama tangini kupokea maji yanayozidi, kuna mstari, na maji yanapaswa kuufikia. Usipouona, kadirio la sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia linafaa katika matangi mengi. Usione sentimita moja kuwa ni jambo dogo: katika tangi la kawaida ni zaidi ya nusu lita, ambayo kwenye mvuto wa lita 6 ni karibu sehemu ya kumi ya nguvu yote. Maji yakiwa chini, hakikisha kwanza kwamba koki ndogo ya ukutani imefunguliwa yote, halafu inua boya, kile kielea kinachofunga maji tangi likijaa, kwa skrubu au klipu yake mpaka maji yafike kwenye mstari. Ukikuta tofali au chupa ya maji ndani ya tangi, itoe. Desturi hiyo ilikuwa na mantiki kwenye tangi la lita 19; kwenye la lita 6 inaiba maji ambayo mtengenezaji alishayapunguza, na tofali humomonyoka likaacha mchanga unaokwaruza kizibo.

Ikiwa kina kiko sawa, vuta maji huku mfuniko ukiwa wazi na ukitazama kizibo. Kinapaswa kuinuka kwa ukamilifu, kikae juu sekunde chache, kisha kishuke. Kikiinuka kidogo na kujifunga mara moja, mnyororo umelegea kupita kiasi; upunguze mpaka ubaki na ulegevu wa sentimita moja hivi. Ukiukaza wote, kizibo hakitakaa sawasawa na utakuwa umejiletea dalili nyingine, ile ya kuvuja.

Hapa pana kosa la ukarabati linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Vizibo vya mpira huuzwa kama vitu vinavyoingiliana, na kwa upana wa tundu huenda vikaingiliana kweli, lakini muda wa kufunga haufanani. Kizibo cha mtindo wa zamani huelea hadi tangi zima limwagike. Ukikifunga kwenye tangi jipya, choo kitavuta vizuri na hutalalamika, ila kitakuwa kinatumia maji zaidi ya kiwango chake. Kizibo kinachofunga mapema kuliko kilichokusudiwa huzaa mvuto dhaifu. Vipo vyenye gurudumu dogo la kurekebisha muda huo, na vingine vina kiboya kinachosogezwa juu na chini kwenye mnyororo. Ili kujua choo chako kinatumia kiasi gani kweli, funga koki ya ukutani, vuta mara moja, kisha rudisha maji tangini kwa chombo chenye vipimo mpaka mstari ule ule. Jumla hiyo ilinganishe na idadi ya lita iliyochapwa kwenye kauri, ambayo kwa kawaida iko nyuma ya kiti au ndani ya tangi. Ikipungua sana au kuzidi sana, tafuta kizibo kilichotajwa kwa modeli ya choo hicho, hata kama kile cha jumla kiko karibu zaidi.

Sababu inayofuata ni ndogo na huwatatiza wengi. Tangi linapojaa, mpira mwembamba hupeleka sehemu ya maji kwenye bomba la kufurikia ili kulirudishia bakuli kina chake. Mpira huo ukichomoka na kumwaga maji ndani ya tangi, tangi litajaa kama kawaida lakini bakuli litabaki na maji pungufu, na choo cha kufyonza chenye bakuli pungufu hakianzi kunyonya kwa wakati. Rudisha mpira kwenye klipu yake, ncha yake ikiwa juu ya mdomo wa bomba. Usiuzamishe ndani kabisa, kwa sababu unaweza kunyonya maji ya tangi kimyakimya.

Kama bado mvuto ni dhaifu, angalia vishimo. Shika kioo kidogo cha mkononi chini ya ukingo wa bakuli na umulike kwa tochi: vishimo vizima vina duara kamili na giza ndani, na vilivyoziba vina ukoko mweupe, wa kijivu au wa rangi ya kutu, vingine vimebakiwa na upenyo usiotosha njiti ya kiberiti. Dalili yake huonekana hata bila kioo, kwani maji hushuka moja kwa moja ukutani badala ya kuzunguka, au upande mmoja unabaki mkavu. Mimina nusu lita ya siki ya uvuguvugu kwenye bomba la kufurikia, uiache saa kadhaa au usiku kucha, kisha vichokonoe vishimo kwa waya laini uliovikwa plastiki na uvute maji. Tundu lililo chini ya bakuli, mbele ya shingo, nalo lisisahaulike kama choo chako kinalo. Vyoo visivyo na ukingo havina vishimo hivyo. Kwenye hivyo safisha mdomo wa nyuma unaogawa maji.

Onyo: siki ni asidi. Toa kwanza vidonge vyovyote vya klorini vilivyo kwenye tangi na uvute maji mara kadhaa kabla ya kuimimina. Klorini ikikutana na asidi, hata iwe siki, hutoa gesi inayounguza mapafu, na klorini ikikutana na dawa yenye amonia matokeo ni mabaya vilevile. Chumba kidogo kisicho na dirisha hakikupi nafasi ya kukosea.

Hatimaye, ikiwa jaribio la ndoo limeonyesha kwamba shida iko chini, kuna uwezekano wa kitu kigumu kilichokwama kwenye shingo: mswaki, kifuniko cha chupa, kipande cha sabuni, kidude cha mtoto. Alama yake ni kwamba maji na karatasi chache vinapita, lakini uchafu mzito unakwama kila mara. Waya wa kuzibulia wenye ala ya mpira unaweza kukinasa; ukikisukuma mbele kikakwama zaidi, bakuli litalazimika kung'olewa, na hiyo ni kazi ya fundi bomba. Bomba la hewa lililoziba juu ya paa huleta udhaifu kama huo, pamoja na bwabwajo kwenye sinki au bafu kila choo kinapovutwa. Hapo pia ishia. Kupanda paa la mteremko kwa ajili ya kiota cha ndege hakufai.

Dalili: bakuli linabaki na alama ingawa uchafu umeondoka

Kwa choo cha kusukuma, hii mara nyingi si hitilafu. Maji yaliyotuama ni machache na eneo kavu ni kubwa, hivyo uchafu huangukia kauri badala ya maji. Brashi ndiyo tiba. Likiwa ni jambo lililoanza hivi karibuni, rudi kwenye kina cha tangi na vishimo vya ukingo, na uangalie kama kauri imekwaruzwa kwa sifongo ya chuma au unga wa kusugulia, kwa sababu mng'aro ukishaondoka uchafu hushika, na mng'aro wenyewe haurudi kuwa ulivyokuwa.

Dalili: maji yanachuruzika, au tangi linajaza lenyewe bila kuvutwa

Choo kinachovuja kimya hufuta sababu nzima ya kukinunua. Uvujaji wa glasi moja ya mililita 250 kila dakika tano ni lita 72 kwa siku, sawa na mivuto 12 ya lita 6 ambayo hakuna aliyeihitaji. Uvujaji huu una uhusiano na muundo mpya: tangi la zamani la Uingereza lilitoa maji kwa kuyapandisha na kuyapindisha ndani ya bomba, bila kizibo chochote chini ya maji, kwa hiyo halikuwa na mahali pa kuvujia kuelekea bakulini. Vizibo viliporuhusiwa huko mwaka 2001 pamoja na vitufe viwili, tatizo hili likaingia nalo.

Fungua tangi kwanza utazame maji yamesimama wapi. Yakiwa yanamwagikia kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, kizibo hakina kosa, teremsha boya. Likiteremshwa na maji yasikome, koki ya boya imechakaa au ina mchanga. Funga koki ya ukutani, fungua kichwa cha koki ya boya, suuza mpira wake na uusake ufa. Katika koki nyingi za kisasa kichwa hicho hufunguka kwa kuzungusha kwa mkono.

Yakiwa yamesimama chini ya mdomo wa bomba, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, kizibo kinavuja. Sababu ya kawaida ni uchafu: funga maji, mwaga tangi, na upitishe kidole kuzunguka kiti cha kizibo, yaani mdomo wa tundu kinapokalia. Utahisi chembe za mchanga, ukoko wa chokaa au mkwaruzo. Viwili vya kwanza vinafutika kwa kitambaa, cha tatu hakifutiki. Kisha ubane mpira wenyewe kwa vidole. Ukiacha weusi mkononi, ukiwa umevimba, umekunjamana au umekakamaa, ubadilishe. Vidonge vya klorini vinavyowekwa ndani ya tangi ndivyo vinavyoua mipira hii mapema kuliko umri wake, na sioni sababu ya kuviweka hapo wakati brashi na dawa ya bakuli vinafanya kazi ileile bila kuigusa mipira.

Kwenye tangi la vitufe viwili, kizibo ni mnara wa plastiki unaong'oka kwa kuuzungusha robo mzunguko, na chini yake kuna washa, yaani pete laini ya kuzuia uvujaji, ya silikoni au mpira. Safisha washa hiyo, igeuze upande wa pili kama pande zote mbili ni bapa, na urudishe mnara mpaka ujifunge. Uvujaji ukiendelea, hakikisha vijiti vya vitufe si virefu kiasi cha kuukandamiza mnara muda wote. Kitufe kilichokwama milimita mbili chini kinatosha kuuacha wazi.

Kama nati zinazoshikilia tangi kwenye bakuli ndizo zinazovuja, zikazwe kidogokidogo, kulia na kushoto kwa zamu. Kauri haionyi kabla ya kupasuka. Ukiona ufa wowote kwenye tangi, funga maji, mwaga yaliyomo na usijaribu kuuziba kwa gundi.

Dalili: bakuli linajaa na kushuka polepole, au linataka kufurika

Usivute tena. Ondoa mfuniko wa tangi, sukuma kizibo chini kwa mkono, kisha funga koki ya ukutani. Maji ya tangi ni safi, hivyo hofu ya kuyashika haina msingi.

Sababu kuu ni karatasi nyingi kwa mara moja na vitambaa vyenye unyevu, vikiwemo vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni. Karatasi ya chooni huloa na kusambaratika. Vitambaa hivyo hubaki vizima, vikajisokota kwenye shingo nyembamba. Tumia mpira wa kuzibulia wenye mdomo wa ziada unaoingia ndani ya tundu la choo, maana ule bapa wa sinki hauzibi vizuri. Uzamishe majini ili usukume maji badala ya hewa, anza polepole, halafu vuta kwa nguvu. Mvuto wa kurudi ndio unaofungua zaidi kuliko msukumo. Usipofaulu, ingia na waya wa kuzibulia.

Dawa kali za kuzibulia siwezi kuzipendekeza kwenye choo. Hukaa juu ya kizuizi bila kukifikia, zinatoa joto linaloweza kuipasua kauri, na zinamwachia atakayekuja na waya bakuli lililojaa sumu. Ikiwa tayari zimemwagwa, usitumie mpira wa kuzibulia kwa sababu ya mrusho, na mjulishe fundi kabla hajainama. Maji ya kuchemka nayo yasimwagwe kwenye kauri.

Simama na uite fundi bomba mara moja ikiwa maji machafu yanatokea kwenye bafu au sinki la chini unapovuta choo, ikiwa vyoo viwili vimeziba kwa wakati mmoja, au ikiwa chemba ya nje imejaa. Hapo kizuizi kiko kwenye bomba kuu au shimo limejaa, na kila tone litakalotumika ndani litarudi sakafuni.

Dalili: choo kinavuta vizuri lakini bomba la nje linaziba kila mara

Malalamiko haya huja hasa pale choo kipya kinapowekwa kwenye mabomba ya zamani. Mvuto wa lita 13 uliusukuma uchafu mbali ndani ya bomba. Mvuto wa lita 4.8 huuacha karibu zaidi, ukisubiri mivuto inayofuata uendelee na safari. Bomba lililolazwa vizuri halijali. Lililobonyea, lenye kuta zilizoparuza au lililoingiliwa na mizizi hujali sana, nalo lilikuwa hivyo hata kabla ya choo kubadilishwa.

Hatua rahisi ni ya matumizi: mvuto kamili kwa haja kubwa bila kuonea huruma maji, na karatasi nyingi zivutwe kwa awamu. Maji ya bafu yakiingilia juu ya kiungio cha choo, husaidia kulisafisha bomba hilo. Ikiwa kuziba kunarudi mahali palepale kila baada ya wiki chache, kuzibua peke yake hakutoshi. Fundi apitishe kamera ndani ya bomba na apime mteremko, ambao kwa kawaida unatakiwa kuwa kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita, kutegemea upana wa bomba. Sehemu iliyotitia haina dawa nyingine isipokuwa kufukuliwa na kulazwa upya. Kubadilisha choo kwa kingine katika hali hiyo ni kutupa fedha.

Dalili: maji ya bakuli yanapungua yenyewe, au chumba kinanuka

Choo kisichotumika kwa wiki kadhaa hukauka, na hewa ya mtaro hupanda, kivute tu. Kikitumika kila siku na bado maji yanashuka, huenda kipande cha kitambaa au uzi kimening'inia kwenye shingo na kinanyonya maji tone kwa tone hadi upande wa pili, au bomba la hewa limeziba na choo kinajinyonya. Weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji usiku, uitazame asubuhi. Ufa ndani ya shingo ni nadra, na ukiwepo bakuli linabadilishwa.

Harufu inayokuja pamoja na bakuli linalotikisika, au unyevu unaojitokeza kuzunguka kitako chake baada ya kila mvuto, maana yake ringi ya nta au ya mpira iliyo chini imeachia. Usizibe pembeni kwa silikoni ili kuficha maji hayo. Yataendelea kuingia sakafuni, na kwenye nyumba ya ghorofa yatashuka kwenye dari ya chini. Bakuli ling'olewe na ringi mpya iwekwe. Unyevu ulio kwenye tangi peke yake siku za joto ni jasho la kauri baridi.

Dalili: choo chenye chupa ya shinikizo kinavuta kwa unyonge

Baadhi ya vyoo vya maji machache vina chupa iliyofungwa ndani ya tangi, ambamo maji ya bomba hubana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoyarusha maji bakulini kwa mshindo. Mshindo huo ni wa kawaida. Unapofifia, angalia kwanza shinikizo la maji ya nyumba, kwa kuwa chupa nyingi za namna hii huhitaji zaidi ya bari 1.7, kisha safisha chujio dogo kwenye kiungio cha maji yanayoingia. Chupa yenyewe isifunguliwe wala kulegezwa nati hata moja ikiwa imejaa: hewa iliyobanwa inaweza kurusha vipande vya plastiki na kauri. Funga koki ya ukutani, vuta mpaka isitoke sauti yoyote, na kama chupa ina ufa au inavuja kwenye mshono wake, mwachie fundi anayeijua aina hiyo.